SHULE YA WASICHANA WATUPU: NI JELA AU NI UKOMBOZI?

Mpenzi msomaji, wiki hii sina vichekesho vingi. Nimetoka nyumbani, Usukumani, na nimerudi mjini na jambo moyoni ambalo nisipolitua hapa nitapasuka. Kwa hiyo vuta kiti, agiza soda yako, tuzungumze.

Mambo yalianzia hapa hapa mjini, pale kwa mama ntilie tunapopatia chakula cha mchana. Kuna kijana mmoja ninayefanya naye kazi, brazameni kwelikweli, yule wa miwani ya jua hata kukiwa na mawingu. Sijui mazungumzo yalifikaje huko, nikamsikia anatoa hukumu: "Shule za wasichana watupu zimepitwa na wakati, kama redio kaseti. Zamani mtoto wa kike alifungiwa mlango, sawa. Leo mlango uko wazi, anasoma popote apendapo. Sasa kumzungushia ukuta wa nini? Akitoka humo ama anawakimbia wanaume kama kaona simba, ama anawakimbilia kama kaona maji!"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu. Nikwambie ukweli, mimi ni zao la shule hizo. Miaka 6 nimelala bwenini na wasichana wenzangu, nimekula maharage yenye wadudu, nimeamshwa kwa filimbi kabla jogoo hajawika. Enzi hizo ungeniuliza nasoma wapi ningekujibu, "Niko jela." Kwa hiyo sikuwa na cha kumbishia.

Siku ya pili yake simu ikalia. Kaka yangu.

KIKAO CHA NG'OMBE

Kaka yangu anaishi katika kijiji kimoja cha wachimbaji, kati ya Kahama na Geita. Ni ukanda ule wa dhahabu unaousikia kila siku redioni: mgodi mkubwa wa Geita ulioanza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu kule Kakola mwaka 2001, Buzwagi uliofunguliwa 2009 na kufungwa 2021. Pembeni mwa migodi hiyo ya wakubwa kuna maelfu ya wachimbaji wadogo na maduara yao. Kaka naye ana hisa kidogo kwenye duara moja. Siku likitema mnakula nyama. Lisipotema mnakula michembe, na mnashukuru Mungu.

Bintiye wa miaka 13 alikuwa amemaliza darasa la saba na kufaulu vizuri sana. Akapangiwa shule ya kata, ya kutwa, wavulana na wasichana pamoja, kilomita 8 kutoka nyumbani. Ada hakuna, maana tangu Januari 2016 serikali iliifuta kuanzia fomu wani hadi fomu foo. Lakini mwalimu wake, Mungu ambariki, akamwambia kaka: "Huyu mtoto mtafutieni bweni." Akawaonyesha shule ya wasichana ya masista, ambako nafasi ilikuwapo. Tatizo likawa ada. Kwa hesabu ya kwetu, kila mwaka zinakwenda kama ng'ombe watatu wakubwa.

"Njoo," kaka akaniambia. "Baba mkubwa kaitisha kikao."

Nikapanda basi. Jioni nilipofika nikapiga magoti kumwamkia baba mkubwa, maana usomi wangu huachwa stendi ya Kahama. Akaitikia, akanikaribisha maziwa, tukaulizana habari za mvua. Ndipo akasema lake: "Mwanangu, mimi siwapingi wasomi. Lakini niuze ng'ombe watatu kwa mtoto atakayeolewa kwa watu? Shule ya bure si hiyo hapo?"

Nilimtarajia. Aliyenishtua ni kaka. Kaka ni kijana wa kisasa, anasikiliza taarifa ya habari kila siku. Akasema: "Dada, zamani nilikuelewa. Shule zilikuwa chache, wasichana walibaniwa. Siku hizi wote wanaingia mlango mmoja, na sheria zipo. Sasa kuna haja gani ya kumtenga mtoto?"

Maneno yale yale ya brazameni! Kaka hajawahi kumwona yule kijana hata kwa picha, lakini hoja ilikuwa ile ile: mlango uko wazi.

Sikubishana. Nikasema, "Kesho nitaufuata huo mlango, nikauone."

KILOMITA NANE

Asubuhi saa 12 mimi na mtoto tukaanza safari. Shule ilikuwa imefunguliwa wiki hiyo.

Wewe wa mjini unayepanda daladala sitaki nikuchoshe na mandhari. Ila jua kwamba njia ile inapita katikati ya machimbo. Karasha zinasaga mawe tangu alfajiri, vumbi jeupe limetanda kama unga wa mashine. Kuna vibanda vya chipsi, vya simu, vya pombe, na vijana waliokesha shimoni ndio wanatoka, wengine na pesa ambayo ikifika kesho itakuwa imeisha.

Bodaboda 4 zilisimama njiani kutupa lifti. Mimi ndiye mwenye mkoba na viatu vya mjini, mimi ndiye niliyechoka. Lakini 3 kati ya hizo hazikusimama kwa ajili yangu. Zilisimama kwa ajili ya mtoto wa miaka 13. "Mchumba, panda tukuwahishe, utanilipa siku nyingine." Na mimi shangazi yake nipo pale pale, nimeshika mkono wake! Jiulize siku akiwa peke yake, mvua inanyesha, amechelewa.

Mtoto hakushtuka hata kidogo. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shangazi, hao wamezoea."

Tukafika shule. Walimu ni watu wema, wachache, wanahangaika. Siwezi kuwalaumu hata mmoja. Lakini tulipokaa chini ya mti kumsubiri mwalimu mkuu, nikaanza kutazama. Kengele ikapigwa, kaipiga mvulana. Paredi ikakusanywa, kaikusanya mvulana. Wasichana 5 wakapita na ndoo za maji kichwani kupeleka jikoni. Mlango wa maabara ukafunguliwa, aliyeshika ufunguo ni mvulana. Hakuna aliyemkataza msichana kushika ule ufunguo. Ilitokea tu hivyo, kama inavyotokea kila siku.

RAFIKI YANGU WA KISIMANI

Wakati wa kurudi nilipita kwa mtu. Tulikuwa tunachota naye maji kisima kimoja, tukakaa dawati moja mpaka darasa la saba. Kwa hesabu alinizidi mbali. Mafungu na desimali ni yeye aliyenifundisha, kwa kuchora chini kwa kijiti.

Mimi nilipata nafasi ya bweni, yeye akapata ya kutwa, mbali na kwao. Kwa kuwa hakuweza kutembea kila siku, wakampangia chumba karibu na shule. Watoto wa huko wanaviita mageto. Chumba cha udongo, kitanda cha kamba, msichana wa miaka 15 anajipikia, anajilinda, anajilea. Mwenye kumsaidia mkaa ndiye huyo huyo aliyemharibia. Alipofika fomu tuu akapata mimba, na enzi zile ukipata mimba safari ilikuwa imeisha hapo hapo.

Leo anaandika hesabu za duara la watu: mifuko mingapi imetoka, nani anadai nini. Kichwa bado kinachemka vile vile. Nilipomweleza kilichonileta, hakutoa hotuba. Alifuta mikono kwenye kitenge akasema, "Usimwache mtoto akae geto." Basi.

Kwa taarifa yako, hayakuwa yake peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mkoani Shinyanga, katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24, karibu 59 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Ulikuwa mkoa wa kwanza nchini kwa jambo hilo, na usidhani tulipewa kikombe. Kwetu msichana akikua watu huanza kuhesabu ng'ombe kwa macho, na akiwa na rangi nyeupe, hesabu inapanda.

Kaka ni kweli kwamba sheria zipo. Mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa, ukimwoa au ukimpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Mwaka huo huo Rebeca Gyumi alishinda kesi Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, hata 14. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukazia ushindi ule. Na Novemba 2021 serikali ikaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi darasani. Yote mazuri, na wazee wetu waliopigania hayo tunawapigia saluti.

Lakini sheria haitembei na mtoto kilomita 8 saa 12 asubuhi.

MANENO YA UKUTANI

Pale shuleni, kwenye ukuta wa darasa, palikuwa na maandishi ya rangi ya bluu: ukimwelimisha mwanamke, umeelimisha taifa zima. Msomaji, hata wewe umeyaona mahali. Je, unajua wengi husema ni maneno ya nani?

Ya Dk. James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo. Mwaka 1898 alikwenda Marekani kusoma, na chuo kilichompokea kilikuwa Livingstone College kule North Carolina, chuo cha watu weusi. Ndiyo, kimepewa jina la Livingstone yule yule wa Ujiji! Mwaka 1924 Aggrey alikuja Tanganyika akiwa na tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes. Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, alieleza kuwa kukutana na Aggrey ndiko kulikompa wazo la kuunda chama. Kutoka chama hicho ikaja TAA, na mwaka 1954 TAA ikawa TANU. Unaona chuo cha watu weusi huko ng'ambo kilivyotupa mkono hadi hapa?

Vyuo hivyo vilizaliwa kwa sababu ya mlango kufungwa. Mtu mweusi alikuwa mtumwa, na hata baada ya utumwa vyuo vingi vya wazungu havikumtaka. Basi vikaanzishwa vya kwake: Cheyney mwaka 1837, Lincoln 1854, Howard 1867. Spelman, cha wanawake weusi, kilianza mwaka 1881 kwenye chumba cha chini cha kanisa mjini Atlanta, na wanafunzi 11 tu. Nkrumah na Azikiwe walipita Lincoln. Martin Luther King alimaliza Morehouse mwaka 1948. Mkenya Mbiyu Koinange alikwenda Hampton mwaka 1927, akarudi kwao na kuongoza chuo cha walimu cha Githunguri, kilichoanzishwa 1939 kwa michango ya wananchi wenyewe. Wakoloni walikifunga mwaka 1952, na ukiona mkoloni anafunga shule ujue ilikuwa inafundisha kitu.

Kisha milango ikafunguliwa. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba, na mwaka 1964 ikaja sheria ya haki za raia. Na kwetu pia, usisahau, shule zilikuwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, mpaka utaratibu ule ulipofutwa kuanzia Januari 1962. Ndipo huko Marekani watu wakaanza kuuliza kama brazameni wetu: sasa vyuo vya weusi vya nini tena? Si waende Harvard?

Wengine walikwenda, na vizuri sana. Lakini vyuo kama 100 hivi bado vipo, na havijafa njaa ya wanafunzi. Ni kama 3 tu katika kila vyuo 100 vya Marekani, lakini zaidi ya mweusi mmoja kati ya 10 wanaopata digrii ya kwanza anaipatia humo. Xavier cha New Orleans, chuo kidogo tu, kwa miaka mingi kimekuwa kikipeleka weusi wengi kwenye shule za udaktari kuliko vyuo vikubwa vyenye majina. Yule mama aliyetua Dar Machi 2023, Kamala Harris, akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, ni mhitimu wa Howard mwaka 1986. Alipojiunga, mlango wa vyuo vingine ulikuwa wazi. Alichagua Howard.

Kwa nini? Waliosoma huko hueleza jambo moja rahisi. Ukiwa mweusi peke yako darasani, ukikosea swali amekosea mtu mweusi. Ukipatia, watu wanashangaa. Muda wote umebeba mzigo wa watu wote wa rangi yako. Lakini darasa zima likiwa la weusi, bingwa wa fizikia ni mweusi, mvivu ni mweusi, rais wa wanafunzi ni mweusi, mlevi naye ni mweusi. Umeshatua mzigo. Umebaki wewe na kitabu chako.

NANI ANAPIGA KENGELE?

Nilikuwa namsimulia mtoto haya njiani, kwa maneno mepesi. Akanyamaza, halafu akaniuliza, "Shangazi, kwenye shule yenu nani alikuwa anapiga kengele?"

Nikacheka. "Mimi," nikamjibu. "Fomu tuu mwaka mzima, nilikuwa mimi."

Na nikasimama njiani, maana nilikuwa sijawahi kulifikiria. Kengele ni sisi. Ufunguo wa maabara ni sisi. Jenereta likizima usiku, fundi ni dada mmoja wa fomu foo, mikono imejaa oili. Nyoka kaingia bweni, tunatazamana, mvulana wa kumwita hakuna, nyoka kafa. Kwenye mdahalo wanaopinga ni wasichana na wanaounga mkono ni wasichana. Hakukuwa na kazi ya mvulana pale. Kila kazi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni wewe.

Nilipofika chuo kikuu, kwenye kikundi cha majadiliano, nikainua mkono nikambishia mshikaji mmoja. Wakanigeukia wote. Baadaye nikajua kwamba wasichana wengine walikuwa wamejifunza zamani kunyamaza. Mimi somo hilo sikufundishwa, sikujua hata kama lipo.

Ndiyo maana usishangae orodha ni ndefu. Gertrude Mongella alitoka kisiwani Ukerewe akiwa na miaka 12 kwenda kusoma kwa masista wa Maryknoll, Morogoro, na mwaka 1995 ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa kule Beijing. Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, ni binti wa Weruweru. Na huko kwetu kwenye dhahabu, mgodi wa Geita ulisaidia kujenga shule ya wasichana ya Nyankumbu. Dhahabu ile ile inayotuharibia mabinti njiani, ikabanwa kidogo, imejenga bweni. Serikali nayo, kupitia mradi wa SEQUIP, ilipanga shule ya wasichana ya sayansi katika kila mkoa wa Bara, mikoa yote 26.

Sasa nisije nikakuuzia mbuzi kwenye gunia. Si kila bweni ni pepo. Kuna yenye msongamano, kuna yenye viranja wakatili, na shule ya kata yenye walimu wazuri iliyo karibu na nyumbani inaweza kuwa bora kuliko bweni bovu. Na kuna hoja moja ambayo inanikera kwa sababu ni ya kweli: kwa nini tumzungushie ukuta binti, badala ya kumzungushia yule mwenye bodaboda? Kweli kabisa. Wavulana wafundishwe, wanaume wafungwe, mabweni yajengwe kwenye shule za kata. Lakini mtoto wa kaka yangu ana miaka 13 mwaka huu. Hawezi kuwasubiri wanaume waelimike kwanza ndipo na yeye asome.

MWISHO WA KIKAO

Jioni tukakaa tena. Nikaeleza njia nzima, bodaboda moja baada ya nyingine, na yule mchumba wa asubuhi. Kaka akainamisha kichwa. Alikuwa hajui. Siku zote hupita njia ile na pikipiki yake, na wanaume wenzake humpungia mkono.

Baba mkubwa akarudia wimbo wake: ng'ombe, ng'ombe. Nikapiga magoti tena, kwa heshima zote.

"Baba mkubwa, wale ng'ombe walioko zizini upande wa kushoto walitoka wapi?"

Akanitazama. Kila mtu pale alijua. Ni mahari yangu. Ng'ombe wengi kuliko walioletwa kwa binti yeyote wa ukoo wetu, na mshenga alisema wazi kwamba wameongezwa kwa sababu binti kasoma.

"Basi, baba, naomba mmoja tu aende shule. Aliingia kwa jina langu, atoke kwa jina la mwanangu."

Kimya. Halafu mzee akacheka mpaka akakohoa. "Hii shule yenu ya wasichana," akasema, "imewafundisha maneno!"

Ng'ombe mmoja kauzwa mnadani. Awamu ya kwanza ya ada imelipwa, ya pili nitabeba mimi, ya tatu kaka anaomba duara liteme. Mwaka wa pili bado hatujui, na sitakudanganya kwamba tunajua. Lakini mtoto yuko bwenini, na juzi kanipigia kwa simu ya matroni. Sauti imekauka kwa baridi ya alfajiri, maharage anasema yana wadudu.

"Na kengele?" nikamuuliza.

"Bado, shangazi. Lakini nimejiandikisha."

Kesho mchana nitamkuta brazameni kwa mama ntilie. Safari hii sitacheka. Nitamlipia sahani ya wali maharage, halafu nimwombe avue miwani anisikilize.

Na wewe msomaji, una mdogo wako, una binti wa dada, una mtoto wa jirani aliyefaulu? Kabla hujasema mlango uko wazi, nenda katembee naye njia ya kwenda huko mlangoni, ukahesabu bodaboda zinazosimama. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.